"HAIKUONEKANA" SIYO "HAIPO"

Rafiki, umewahi kusikia mtu akisema, "Mto wetu ulishapimwa, hauna dawa za shamba"? Kabla hujashangilia, muulize: ulipimwa lini, na kwa mashine gani?

Chukua atrazini, dawa ya kuua magugu kwenye mahindi. Tuseme lita moja ya maji ya mto ina mikrogramu 0.4. Maabara ya kwanza ina mashine inayoanza kuona kwenye mikrogramu 1, hivyo inaandika "haikuonekana". Ya pili inaona hata 0.05, nayo inaandika 0.4. Mto ni ule ule! Ukichora majibu hayo kwenye grafu moja utadhani mto umechafuka ghafla, kumbe kilichobadilika ni mashine.

Viwango navyo vinachanganya. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 tu ya dawa moja katika lita ya maji ya kunywa. Hiyo ni kama gramu moja kwenye maboza 1,000 ya lita 10,000 kila moja! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa atrazini ni mikrogramu 100. Kwa hiyo "salama" bila namba haikuambii kitu.

Halafu kuna siku ya kuchota. Dawa nyingi huingia mtoni na mvua za kwanza baada ya kupulizia. Ukichota kiangazi tu, umeikosa. Kisima ni kinyume, chenyewe kinakwenda polepole: Ulaya iliamua kuiondoa atrazini mwaka 2004, lakini miaka mingi baadaye bado ilikutwa kwenye maji ya chini ya ardhi.

Nilipokuwa chuo tulipeleka maabara maji ya mto kwenye chupa ya soda, imeshinda juani ndani ya gari. Fundi alicheka, akaimwaga. Alitaka chupa ya kioo cheusi, safi, ndani ya barafu. Safari nzima bure!

Klabu yenu ya afya haihitaji mashine ili kusaidia. Fungueni daftari: mahali pale pale, tarehe, saa, mvua ilinyesha lini, shamba la jirani limepuliziwa dawa gani. Msionje maji wala msiguse makopo ya dawa. Na ukumbuke, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini atrazini haiondoki kwa kuchemsha. Wapimaji wakija, wapeni daftari, kisha waulizeni mashine yao inaanza kuona kwenye ngapi.