SOMO LA AFYA: MACHO YA VIJANA, CHAKULA NA MOSHI

Tangu mwaka 1988 waganga wa macho katika Dar es Salaam walianza kupokea vijana ambao macho yao yote mawili yalififia, bila maumivu wala wekundu. Mgonjwa aliweza kutembea njiani, lakini hakuweza kusoma wala kumtambua mtu usoni. Miwani haikumfaa, kwa kuwa kilichonyauka ni mshipa wa fahamu upelekao picha kwenye ubongo. Kwa chama cha ushirika, hasara hiyo yaweza kumfika karani au mtunza hesabu angali kijana.

Chanzo kamili hakijathibitishwa, lakini mambo matatu yafaa kujifunza.

1. Urithi. Upo ugonjwa unaofanana na huo, ulioelezwa na mganga Mjerumani Theodor Leber mwaka 1871, ambao hurithiwa kwa upande wa mama. Walakini urithi hauzuki ghafla mjini. Waweza kumfanya mtu awe mwepesi wa kudhurika, ila lazima kiwepo kitu kingine cha kuuamsha.

2. Chakula. Huko Kuba, katika miaka ya 1992 na 1993, wakati wa uhaba wa chakula, watu zaidi ya 50,000 walipatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, wengi wao machoni. Wananchi walipogawiwa vitamini za kundi B, wagonjwa wapya walipungua sana. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba upungufu wa foleti, vitamini mojawapo ya kundi hilo, huambatana na ugonjwa huu.

3. Moshi. Utafiti huohuo ulitaja pia moshi wa ndani ya nyumba. Katika nyumba za kupanga za Temeke na Kinondoni, jiko la mkaa mara nyingi huwekwa ukumbini au chumbani.

Yapasayo kutendwa

(a) Mchicha, matembele, kunde na maharage viliwe mara kwa mara. Mboga za majani zisichemshwe mno, maana foleti hupotea.
(b) Jiko liwekwe uani, au dirisha lifunguliwe.
(c) Anayeshindwa kusoma apelekwe hospitali mapema, kwani mshipa uliokwisha kunyauka hauoti tena.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini miwani haimsaidii mgonjwa huyu?
2. Je, wanachama wangapi hupikia ndani? Chama chaweza kuwasaidiaje?