Kuotesha Zamiokulkasi kwa Jani Moja

Wakazi wengi huuona mmea uitwao zamiokulkasi katika mapokezi ya ofisi, wakadhani umeletwa kutoka ng'ambo. La hasha, asili yake ni misitu mikavu ya Afrika Mashariki, nao wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa biashara katika miaka ya 1990.

Siri yake imo ardhini. Shina lake nene, mfano wa kiazi, huhifadhi maji. Ndiyo maana huvumilia kiangazi cha Handeni, ambako kila ndoo ina hesabu yake. Hutiliwa maji udongo ukishakauka kabisa. Korogwe, kando ya Mto Pangani, hatari ni kinyume: maji yakituama, kiazi huoza. Kopo litobolewe chini, likae barazani au kivulini mwa mwembe.

Hakuna haja ya kuung'oa msituni. Jani dogo moja huchomekwa, kikonyo kikiwa chini, katika mchanga wenye unyevu kidogo. Chipukizi huchukua miezi mingi kutokeza, na anayefukua kila wiki ili achungulie huiharibu kazi yake mwenyewe. Utomvu wake huwasha kinywa na ngozi. Watoto na mbuzi wasiufikie.