Somo la Kiingereza: Maneno Yamrudiayo Mtendaji

Mwalimu kijana mmoja aliniletea barua yake ya Kiingereza niisome kabla hajaipeleka. Alitaka kuwasifu wazee wa mtaa wake, ya kuwa husaidiana kulinda ghala la mahindi. Lakini aliandika hivi: The elders help themselves at the maize store. Nalishtuka! Mwingereza akiyasoma hayo atadhani ya kuwa wazee hujitwalia mahindi wapendavyo. Sifa ilikuwa imegeuka kuwa mashtaka. Basi, yatupasa kuyajua maneno haya vema.

Katika lugha yetu silabi -ji- yatosha kwa watu wote: najiona, wajiona, ajiona, twajiona. Kiingereza hakina silabi ya namna hiyo ndani ya kitenzi, bali huweka neno zima baada yake, nalo humfuata mtendaji. Kwa mmoja husemwa myself, yourself, himself kwa mwanamume, herself kwa mwanamke, na itself kwa kitu. Kwa wengi ni ourselves, yourselves, themselves. Angalieni mwisho wa neno: self ni ya mmoja, selves ni ya wengi. Neno you halitengi wewe na ninyi, lakini yourself ni wewe, na yourselves ni ninyi. Wala msiandike hisself au theirselves. Hayo si Kiingereza sanifu.

Maneno haya yana kazi tatu. Kwanza, kumrudia mtendaji: He cut himself, yaani alijikata. Ukiandika He cut him, umesema ya kuwa alimkata mtu mwingine. Pili, kutia nguvu, kama neno letu mwenyewe: The chief himself came, yaani jumbe mwenyewe alikuja. Tatu, yakitanguliwa na by, maana yake ni peke yake: She cooked by herself, alipika peke yake.

Tena, si kila -ji- hudai self. Twajifunza ni We learn, basi. Hatusemi We learn ourselves.

Lakini kosa la kijana yule lilikuwa jingine. Alichanganya -ji- na -ana. Watu watendanapo, Mwingereza husema each other au one another. They love one another, maana yake wapendana. They love themselves, maana yake wajipenda nafsi zao. Tazameni jinsi maana mbili hizi zilivyo mbali!

Kijana akaandika upya: The elders help one another to guard the maize store. Hivyo heshima ya wazee ikasalimika.

Basi, kila mwandikapo, jiulizeni kwanza: je, tendo hili lamrudia mtendaji, au lamwendea mwenzake? Mkiisha kujibu, ndipo mchague neno.