Shule, Jamii na Taka za Kisumu: Maswali na Majibu ya Marudio

1. Ni nani mwenye wajibu wa taka za shule? (Alama 3)

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Shule za msingi zenyewe ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ina chekechea, si shule za msingi. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa mtaa wa Nyalenda au Obunga jijini Kisumu ana wakubwa wawili tangu mwanzo. Kifungu cha 69 kinaongeza upande wa tatu: kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na serikali na watu wengine kuhifadhi mazingira. Mtahiniwa asisahau kifungu hiki, kwa kuwa ndicho kinachowaleta wazazi na majirani shuleni kisheria.

2. Eleza kwa nini taka za shule za Kisumu hugeuka kuwa shida ya maji. (Alama 4)

Mvua huzoa kilichotupwa mitaroni hadi kwenye mito kama Auji na Kisat, kisha Ghuba ya Winam. Ghuba hii haina kina kirefu, na inaungana na sehemu kuu ya Ziwa Victoria kwa mlango mwembamba karibu na Rusinga, hivyo maji yake hukawia kubadilika. Kituo cha Dunga huchota humo maji ya wakazi wa jiji. Mtoto anayetupa chupa mtaroni huenda anakunywa maji ya ghuba hiyo hiyo.

3. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka nini?

Taka zinazooza zitengwe na zisizooza, katika mapipa yenye rangi na maandishi.

4. Taja washirika wanaoifaa shule, na ueleze kila mmoja anaondoka na nini. (Alama 8)

Wengi hutaja majina na kuishia hapo, na nusu ya alama hupotea. Ushirikiano hudumu pale kila upande unapopata kitu. Mfugaji wa nguruwe huchukua mabaki ya githeri. Shule huepuka nzi na harufu. Vikundi vya vijana wanaokusanya plastiki hupata chupa safi zilizokwisha kutengwa, ambazo kuzipata jaani ni kazi ya kuchakura uchafuni. Mzazi mkulima huchukua mboji, au huja kufundisha namna ya kuipindua. Vilabu vya shirika la Wildlife Clubs of Kenya, lililoanzishwa 1968, huwapa wanafunzi uongozi na mlezi.

Usisahau yule wa mwisho katika mnyororo: anayebeba taka. Shule ikitenga taka vizuri, kisha mkokoteni mmoja ukaja ukachanganya zote, wanafunzi wamefanya kazi bure, na wanaliona hilo kwa macho yao. Mnunuzi au mchukuaji atafutwe kabla ya kununua mapipa.

5. Kwa nini miradi hufifia mfadhili akiondoka? (Alama 4)

Hununuliwa vifaa, haitengwi pesa ya kuvitunza. Mradi wa SWASH+ wa maji na usafi, ulioanza 2006 katika shule za Nyanza, ulisisitiza gharama za kila muhula: matengenezo, usafi wa vyoo, sabuni. Tangi la maji ya mvua nalo linahitaji mtu wa kusafisha mfereji wa paa kabla ya masika. Mtu huyo awe na jina kwenye orodha ya bodi ya shule.

6. Je, gugumaji linaweza kupunguza kuni za jikoni? (Alama 5)

Ndiyo, kwa masharti. Gugu hili lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na limekuwa likizuia mitumbwi mara kwa mara tangu hapo. Huko Dunga limejaribiwa kutoa gesi ya kupikia: hukatwakatwa na kuozeshwa katika mtambo usioingiza hewa, samadi ikitumika kuanzisha uozo. Lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji. Kulibeba mbali kunakula faida. Kwa shule iliyo ufuoni, yenye makubaliano na kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) ya kuvuna na kuleta, hesabu inaweza kukubali. Shule ya mlimani Kajulu itafute mabaki ya jikoni na samadi ya jirani.