Uzito wa Alama: Namna ya Kukokotoa Matokeo ya Kozi na Faida Yake katika Huduma za Afya

Utangulizi

Mwanafunzi wa uuguzi anapokaribia mwisho wa muhula huwa na alama za namna nyingi: za majaribio ya darasani, za kazi ya kikundi, za mtihani wa vitendo na za mtihani wa mwisho. Wako wanaozijumlisha zote, wakagawanya kwa idadi yake, wakaridhika na wastani walioupata. Matokeo yanapobandikwa ubaoni hushangaa kuona alama ya chini kuliko ile waliyoitarajia, na wengine hudhani wameonewa. Mara nyingi hakuna aliyeonewa. Mwanafunzi alizihesabu alama zote kana kwamba zina thamani moja, ilhali kanuni za kozi zimeipa kila sehemu uzito wake.

Hesabu hiyo haiishii chuoni. Mganga wa zahanati anayeandaa taarifa ya mwezi huihitaji, na mgonjwa wa kisukari anayesubiri majibu ya kipimo cha miezi mitatu hupokea jibu lililojengwa kwa kanuni ileile. Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

- kueleza tofauti kati ya wastani wa kawaida na wastani wenye uzito;
- kukokotoa alama ya kozi na wastani wa pointi;
- kujua alama anayohitaji katika mtihani uliobaki;
- kutambua mahali ambapo wastani, hata uliokokotolewa sawasawa, huficha hatari.

Maana ya uzito

Mfano wa sokoni unatosha kufungua jambo hili. Mama lishe amenunua kilo 1 ya mchele kwa shilingi 4,000, kisha akanunua kilo 9 nyingine kwa shilingi 3,000 kila kilo. Je, kilo moja imemgharimu kiasi gani kwa wastani? Anayejumlisha 4,000 na 3,000 na kugawanya kwa 2 atajibu shilingi 3,500. Lakini mfuko wa mama huyo unajua vinginevyo: ametoa shilingi 31,000 kwa kilo 10, yaani shilingi 3,100 kwa kilo. Bei ya shilingi 3,000 imebeba kilo tisa, na ile ya shilingi 4,000 imebeba moja tu. Idadi ya kilo ndiyo uzito wa kila bei.

Katika kozi, uzito ni asilimia iliyotengwa kwa kila sehemu ya tathmini. Vyuo vingi nchini Tanzania hutenga asilimia 40 kwa tathmini endelevu ya muhula na asilimia 60 kwa mtihani wa mwisho, ingawa mgawanyo huweza kutofautiana baina ya chuo na chuo na baina ya kozi na kozi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kusoma mwongozo wa kozi mwanzoni mwa muhula na kuandika uzito wa kila sehemu.

Hatua za kukokotoa alama ya kozi

Chukulia kozi yenye sehemu nne. Majaribio yana uzito wa asilimia 10, kazi ya kikundi 5, mtihani wa vitendo 25 na mtihani wa mwisho 60. Mwanafunzi amepata 27 kati ya 30 katika majaribio, 19 kati ya 20 katika kazi ya kikundi, 30 kati ya 50 katika mtihani wa vitendo, na 55 kati ya 100 katika mtihani wa mwisho.

*Hatua ya kwanza: hakikisha uzito wote unafikia 100.* Hapa 10 + 5 + 25 + 60 = 100. Ikiwa jumla haifiki 100, ipo sehemu iliyosahauliwa.

*Hatua ya pili: geuza kila alama kuwa asilimia.* Majaribio ni 90, kazi ya kikundi 95, mtihani wa vitendo 60, mtihani wa mwisho 55.

*Hatua ya tatu: zidisha kila asilimia kwa uzito wake, kisha gawanya kwa 100.*

- Majaribio: 90 × 10 ÷ 100 = 9
- Kazi ya kikundi: 95 × 5 ÷ 100 = 4.75
- Mtihani wa vitendo: 60 × 25 ÷ 100 = 15
- Mtihani wa mwisho: 55 × 60 ÷ 100 = 33

*Hatua ya nne: jumlisha.* 9 + 4.75 + 15 + 33 = 61.75.

Alama ya kozi ni 61.75. Mwanafunzi aliyejumlisha asilimia zake nne na kugawanya kwa 4 angepata 75. Aliyejumlisha alama ghafi, yaani 131 kati ya 200, angepata 65.5. Njia zote mbili zimempendelea, na zote mbili si sahihi. Ya kwanza imeipa kazi ya kikundi nguvu sawa na mtihani wa mwisho. Ya pili imeiachia idadi ya maswali kazi ya kuamua uzito, kazi ambayo ni ya kanuni za kozi.

Kujua unachohitaji kabla ya mtihani wa mwisho

Faida kubwa ya hesabu hii huonekana kabla ya mtihani. Mwanafunzi huyo, kabla hajaingia chumba cha mtihani, alikuwa na 9 + 4.75 + 15 = 28.75 kati ya 40. Namba 28.75 ikisomwa peke yake hutisha, kana kwamba ameshindwa. Lakini sehemu zilizokwisha kufanyika zina uzito wa 40 tu. Kwa hiyo hali yake ni 28.75 ÷ 40, yaani takriban asilimia 72.

Akitaka alama ya kozi ifike 65, atatoa 28.75 katika 65 na kubaki na 36.25. Atagawanya kwa 60, uzito wa mtihani uliobaki, na kupata takriban asilimia 60.4. Akilenga 70, atahitaji asilimia 68.75. Kwa namna hiyo anajua umbali uliobaki kabla ya kupanga saa zake za kusoma.

Hesabu hiyohiyo humwonyesha mahali pa kuweka nguvu. Kuongeza alama 10 katika kazi ya kikundi kungempa nusu alama tu katika kozi. Kuongeza alama 10 katika mtihani wa vitendo kungempa 2.5, na katika mtihani wa mwisho 6. Aliyekesha wiki nzima akipamba karatasi ya kikundi, huku akikwepa mazoezi ya kupima shinikizo la damu na kukokotoa dozi, ametumia nguvu nyingi mahali penye uzito mdogo.

Kutoka kozi moja hadi wastani wa pointi

Kozi nazo hazilingani kwa uzito. Katika elimu ya juu nchini Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mihadhara, mazoezi na kujisomea. Kozi yenye krediti nyingi huvuta zaidi wastani wa pointi, unaojulikana vyuoni kwa jina la GPA.

Chukulia mwanafunzi mwenye B katika Anatomia yenye krediti 20, B+ katika Fiziolojia yenye krediti 14, na A katika Stadi za Mawasiliano yenye krediti 6. Katika mfumo ambao A ni pointi 5, B+ ni 4 na B ni 3, hesabu ni hii: 20 × 3 = 60; 14 × 4 = 56; 6 × 5 = 30. Jumla ni pointi 146 kwa krediti 40, sawa na 3.65. Wastani usiojali krediti ungekuwa 4.0. Aidha, mwanafunzi asome kanuni za chuo kuhusu desimali: chuo kinachokata tarakimu ya pili kitaandika 3.6, na kinachokadiria kitaandika 3.7. Tofauti hiyo ndogo huweza kuamua daraja la shahada.

Hesabu ileile katika taarifa ya mwezi

Zahanati moja imepima wagonjwa 40 kwa kipimo cha haraka cha malaria, na 20 wamekutwa na vimelea: asilimia 50. Kituo cha afya jirani kimepima wagonjwa 360, na 36 wamekutwa na vimelea: asilimia 10. Anayeandika kwamba kiwango cha maambukizi kwa vituo hivyo viwili ni asilimia 30 amekosea kama yule mwanafunzi. Waliopimwa ni 400, waliokutwa na vimelea ni 56, na kiwango halisi ni asilimia 14.

Kosa hilo lina gharama. Anayeagiza dawa mseto kwa kufuata asilimia 30 ataandaa dozi za wagonjwa 120 badala ya 56, na dawa zilizozidi huweza kuisha muda rafuni wakati kituo kingine kimepungukiwa. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: asilimia za vituo mbalimbali zisijumlishwe kabla ya kuuliza kila moja imetokana na watu wangapi.

Kipimo cha kisukari cha miezi mitatu

Mgonjwa wa kisukari hupimwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha sukari iliyojishika kwenye hemoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, jibu lake hueleza hali ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hata hivyo, siku hizo hazina uzito sawa. Takriban nusu ya jibu hutokana na mwezi mmoja wa mwisho, na nusu iliyobaki hutokana na miezi iliyotangulia.

Maana yake kwa mgonjwa ni mbili. Kwanza, juhudi za mwezi wa mwisho huonekana upesi. Aliyerekebisha mlo na kutumia dawa ipasavyo ana sababu ya kutumaini. Pili, mwezi mmoja hauwezi kuifuta miezi iliyotangulia, na anayejibana siku chache tu kabla ya kwenda kliniki hatabadilisha jibu kwa kiasi kikubwa. Mhudumu naye akumbuke kwamba upungufu wa damu, selimundu au kuongezewa damu karibuni huweza kulipotosha jibu hili, kwa sababu hubadilisha umri au wingi wa chembe zinazopimwa.

Kile ambacho wastani hauonyeshi

Wastani wenye uzito ni sahihi kuliko ule wa kawaida, lakini nao unaweza kuficha jambo. Mgonjwa mwenye HbA1c nzuri anaweza kuwa anashukiwa na sukari hadi kutetemeka usiku, kisha inapanda mchana. Vilele na mabonde vimesawazishana katika namba moja. Ndiyo maana daktari huomba pia daftari la vipimo vya kila siku, na mgonjwa anapaswa kumweleza dalili zake hata kama jibu la maabara linapendeza.

Kwa mwanafunzi ni vivyo hivyo. Katika kozi ya mfano uliotangulia, mwanafunzi mwenye asilimia 85 katika sehemu nyingine zote na asilimia 20 katika mtihani wa vitendo angefikia 68.75. Namba hiyo inapendeza, lakini mwenye nayo hajaweza kufanya kazi ya mikono inayomgusa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, kanuni za vyuo vingi vya afya humtaka mwanafunzi afaulu sehemu ya vitendo peke yake, na mara nyingi huweka pia kiwango cha chini katika mtihani wa mwisho. Mtoto anayehitaji dozi sahihi ya sindano hatibiwi kwa wastani wa muuguzi. Hutibiwa kwa stadi ileile inayohitajika saa hiyo.

Zoezi

1. Kozi ina jaribio lenye uzito wa asilimia 20, mtihani wa vitendo asilimia 30 na mtihani wa mwisho asilimia 50. Mwanafunzi amepata 18 kati ya 20 katika jaribio na 20 kati ya 40 katika vitendo. Anahitaji asilimia ngapi katika mtihani wa mwisho ili alama ya kozi ifike 60?
2. Watoto 10 waliozaliwa katika kituo kimoja wana wastani wa gramu 2,600, na watoto 40 waliozaliwa katika kituo cha pili wana wastani wa gramu 3,100. Wastani wa watoto wote 50 ni upi?

*Majibu.* (1) Ameshapata 18 + 15 = 33; zimebaki 27 kati ya 50, sawa na asilimia 54. (2) 26,000 + 124,000 = 150,000; ikigawanywa kwa 50 ni gramu 3,000.

Hitimisho

Kabla ya kujumlisha namba zozote, muulizaji aulize maswali mawili: kila namba ina uzito gani, na ni sehemu ipi isiyoweza kufidiwa na nyingine? Swali la kwanza humpa mwanafunzi alama sahihi, kituo makadirio sahihi ya dawa, na mgonjwa maana ya jibu lake. La pili humlinda mgonjwa. Mwanafunzi aliyeona kwamba sehemu yake dhaifu ni ya vitendo asingoje matokeo ya mwisho; amwendee mkufunzi wake mapema, muhula ukiwa bado una wiki za kurekebisha.