YouTube kwenye TV ya sebuleni: hesabu ya bando

Wanachuo wenzangu, tukirudi likizo kuna swali ambalo wengi wetu tunaulizwa, hasa sisi tunaosomea ualimu na tunaonekana tunajua kila kitu: hivi intaneti inaingiaje kwenye TV?

Tuanze na king'amuzi, maana ndicho watu wanachokijua. King'amuzi kinapokea mawimbi kwa dishi au antena. Ukishalipia kifurushi cha mwezi, uangalie saa moja au uangalie mpaka macho yaume, gharama ni ile ile. Intaneti haiko hivyo, kila sekunde ya picha inakatwa kwenye bando. Na TV janja, pamoja na sifa zake zote, ni TV yenye kompyuta ndogo ndani. Haiji na intaneti yake. Mjini mtu anaiunganisha na ruta. Kwetu Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, ruta ni simu ya mtu iliyowashwa hotspoti na kuwekwa dirishani panaposhika mtandao.

Likizo iliyopita hoja hii ilikuwa nzito nyumbani. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne, anachukua fizikia na kemia, na mtihani ni Novemba. Mzee alishatenga magunia ya mahindi ya kuuza anunue TV janja, kwa sababu aliambiwa humo masomo yote yamo. Ni kweli yamo. Lakini TV ya bapa tunayo tayari, na akiuza magunia yale yote, bando litatoka wapi? Nikachukua daftari.

YouTube wenyewe wanashauri kasi ya megabiti 0.7 kwa sekunde kwa picha ya 360p, 1.1 kwa 480p, 2.5 kwa 720p na 5 kwa 1080p. Biti nane ni baiti moja, na bando tunauziwa kwa baiti. Saa moja ina sekunde 3,600. Basi 480p ni 1.1 × 3,600 ÷ 8, jibu MB 495, yaani karibu nusu GB kwa saa. Fanya hivyo hivyo kwa 1080p upate MB 2,250. Matumizi halisi hupanda na kushuka kutegemea video yenyewe, ila uwiano ndio wa kushika: picha kali inakula zaidi ya mara nne.

Sasa mtego uko hapa. Ukiiacha programu ijichagulie, TV inaona kioo chake ni kikubwa na mtandao uko vizuri, inavuta picha kali. Halafu video ikiisha inaanza nyingine yenyewe, na ninyi mko jikoni mnakula. Ndiyo maana watu wanasema TV janja "inaiba" bando. Ingia kwenye mipangilio, chagua 480p kwa mkono, zima uchezaji wa kujiendeleza, zima na masasisho. Mimi 360p siipendi kwa hisabati, maana vipeo na alama za chini vinakuwa ukungu. Kwa historia inatosha kabisa, pale unasikiliza zaidi kuliko kutazama.

Kwa TV isiyo janja njia zipo. Kama ina tundu la HDMI, unaweza kutumia waya wa kutoka kwenye simu, lakini angalizo: simu nyingi za bei nafuu haziwezi kutoa picha kupitia tundu la chaji, hata kama adapta inaingia vizuri. Usilipe kabla hujajaribu na simu yako mwenyewe palepale dukani. Njia nyingine ni kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI na kuonyesha kioo cha simu bila waya. Hicho kikitumia Miracast kinazungumza na simu moja kwa moja, hakihitaji intaneti, kwa hiyo somo ulilokwisha kulihifadhi kwenye simu linaonekana hata bando likiwa sifuri. Na kama TV ni ya chogo, usiitupe, tafuta kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Maandishi madogo hayasomeki vizuri, lakini mchoro wa moyo unaonekana.

Tulinunua kifaa hicho Sumbawanga mjini, magunia mengi yakabaki stoo. Mzee akauliza kama na mechi ya Simba na Yanga itaonekana kwa njia hiyo. Dakika 90 kwa 480p ni kama MB 740, bila kuhesabu malipo ya anayeonyesha. Akapiga hesabu mwenyewe kwa kidole, akasema kibanda umiza bado kina nafasi yake.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, hapa ndipo ninapowasihi walimu wenzangu. Video ya dakika 20 isichezwe dakika 20. Jioni moja tuliangalia somo la nishati, mwalimu wa kwenye video akatoa mfano wa maporomoko ya Niagara, ambayo yana kimo cha zaidi ya mita 50. Nikasimamisha. Nikamuuliza dogo, na Kalambo je? Maporomoko yetu, hapo mpakani na Zambia, yanazidi mita 200. Kilo moja ya maji, mvutano tuchukue 10, kimo 200: jouli 2,000. Mama, ambaye alikuwa anapukuchua mahindi na hakuwa darasani, akauliza hayo maji yakifika chini nguvu hiyo inakwenda wapi. Swali hilo halikuwemo kwenye video. Tulikaa nalo nusu saa, tukaongea sauti, joto, mwendo, mpaka mitambo ya umeme, na muda wote huo bando halikusogea hata MB moja.