Ngeli, Kidahizo na Kiolesura: Masuala ya Kiisimu katika Usanifu wa Vitabu vya Kiada vya Kidijitali

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili suala ambalo wasanifu wa vitabu vya kiada vya kidijitali hulichukulia kuwa la kiufundi tu, ilhali kwa mtazamo wetu ni la kiisimu: namna kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mwanafunzi huiona na kuigusa, kinavyoshughulikia umbo la neno la Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Hata hivyo, mkoani Dodoma mtoto wa Bahi au Chamwino aghalabu huanza shule akiwa na Kigogo, wa Kondoa akiwa na Kirangi, na wa Chemba huenda akawa na Kisandawe au Kiburunge.

2.0 Upatanisho

Tutazame taarifa ambazo programu huziunda yenyewe kwa kuunganisha nomino na kitenzi. Kiolezo cha Kiingereza hakijali ngeli. Kikitafsiriwa kama kilivyo, hutoa *kitabu imehifadhiwa, *ukurasa imehifadhiwa, *majibu imehifadhiwa, badala ya kimehifadhiwa, umehifadhiwa, yamehifadhiwa. Mtoto Mgogo ana ngeli zinazokaribiana na za Kiswahili (ki-/vi- yetu kwake ni ci-/vi-), hivyo aweza kuhisi kasoro. Msandawe, ambaye lugha yake haina ngeli za Kibantu, hana kinga hiyo. Kwake skrini ni mwalimu, na mwalimu huyo hukosea kila aguswapo. Dawa yake ni nyepesi: kila nomino iingizwe pamoja na ngeli yake, na kiolezo kichague kiambishi.

3.0 Kidahizo

Lililo gumu zaidi ni faharasa. Mwanafunzi agusapo neno walipotuletea (wa-li-po-tu-let-e-a), programu inayotafuta mfuatano uleule wa herufi haitapata kitu, kwani kamusi zetu, mathalani Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981), huorodhesha leta. Kukata herufi za mwanzo bila kanuni hakufai: ondoa wa-li- katika walimu, nawe utabaki na -mu. Kinachohitajika ni kichanganuzi cha mofolojia, nacho si jambo geni. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya kichanganuzi cha Kiswahili mwaka 1992. Kasoro, kwa maoni yetu, imo katika mpangilio wa kazi: mwanaisimu huitwa mwishoni "kusahihisha Kiswahili", wakati violezo vimekwisha kufungwa.

Ipo nafuu moja. Matini ya kitabu cha kiada, tofauti na mazungumzo, haibadiliki baada ya kuchapishwa. Uchanganuzi waweza basi kufanywa mara moja tu, wakati wa uhariri, na neno tata kama kaa (mnyama wa majini, kipande cha mkaa, au kitenzi) likaamuliwa na mhariri kwa muktadha wake. Matokeo yakihifadhiwa ndani ya kitabu chenyewe, kishikwambi katika shule isiyo na intaneti hakitachanganua lolote. Kitasoma lebo tu.